Povu la Maini

Naona jamaa ninayepanga naye ameshaandika kwenye grupu kwamba nimelipua maabara Moshi. Hakuna kilicholipuka, jamani. Lilikuwa povu.

Kidato cha tano walishamezeshwa nadharia yote: laisosomu ni kifuko ndani ya seli chenye vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemia mwilini) kama 50 hivi, ndani kuna uchachu wa pH karibu 5, humo taka za seli zinameng'enywa. Peroksisomu, kifuko kingine cha seli, yenyewe inahangaika na sumu. Kimeng'enya chake, katalesi, kinaipasua hidrojeni peroksidi ibaki maji na oksijeni. Basi siku msimamizi wa chuo anakuja kunikagua kwenye mazoezi yangu ya ualimu, nikaona chaki haitoshi. Ili waione katalesi ya kwenye maini ikifanya kazi, nikanunua maini sokoni Mbuyuni, nikayatwanga kwenye kinu cha mama mwenye nyumba mpaka yakawa uji. Peroksidi ya duka la dawa niliidharau, nikaomba ya saluni, ile ya kung'arishia nywele. (Wa kemia, msianze. Nimeshasemwa.)

Msimamizi kakaa mbele kabisa, fomu ya maksi mezani, kalamu ya wino mkononi. Mimi, kwa madaha, namimina maini kwenye silinda ya kupimia, namimina na peroksidi. Kwanza kimya. Halafu ikasikika *shhhh*. Povu likapanda polepole, la pinki, limenona. Darasa: "Eeeeh!" Nikatabasamu, nikadhani nashangiliwa. Likafika mdomoni mwa silinda, likachungulia, likainama upande wa mzee. Nikalizuia kwa kiganja. Silinda ikawa ya moto, nikaiachia, ikalala chali. Sasa povu linatembea mezani bila haraka, linaivamia fomu, jina langu linageuka bluu, linayeyuka, na mzee haondoi mkono, ananitazama mimi tu. Tai yake ikaingia.

Akauliza kwa upole mbaya sana: "Mwalimu, hii ni kazi ya laisosomu au ya peroksisomu?"

Ndugu zangu, swali nililolifundisha mwenyewe wiki nzima. Nikafungua mdomo, nikasema:

"Ya maini, mzee."

Kuna binti wa nyuma alicheka mpaka akaanguka na stuli.

Tukafuta, kengele ikalia, fomu ikaandikwa upya, maksi siwaambii. Maini yaliyobaki, yale ambayo hayakuonja dawa, mama mwenye nyumba kayakaanga na vitunguu. Kinu kanioshesha mara tatu akiwa amesimama mlangoni, na leo wanafunzi wananiamkia sokoni: "Shikamoo, Mwalimu Maini!"