Mchezo wa kwanza wa dadu uwe na uamuzi ndani yake

Masomo mengi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, humwanzisha mwanafunzi kwa programu inayotupa dadu, kuonyesha namba, kisha kuuliza kama atupe tena. Kwa maoni yangu zoezi hilo linakatishwa mapema mno. Programu haikumbuki kitu, mchezaji hana la kuamua, na mwanafunzi anaondoka bila kugusa kazi yenyewe, yaani kutunza hesabu kutoka hatua moja hadi nyingine. Ukiongeza mistari 30 hivi, una mchezo kamili.

Ninaoupendekeza ni Pig, ambao John Scarne, Mmarekani mwandishi wa vitabu vya michezo, aliueleza mwaka 1945. Dadu ni moja. Katika zamu yako unatupa mara nyingi upendavyo, na kila namba inaongezwa kwenye pointi za zamu. Ukisimama, pointi hizo zinaingia kwenye akiba. Ikitoka 1, zamu imekwisha na pointi zake zimepotea, ila akiba haiguswi. Wa kwanza kufika 100 ameshinda.

Hapo kuna hesabu mbili, na ndipo wengi huteleza: wanatumia jina moja kwa zote mbili, 1 inatoka, na mchezaji mwenye 87 anarudi sifuri. Anza na `zamu` na `akiba` zikiwa mbali. Python haina shida na majina ya Kiswahili, na mtu anayefikiri kwa Kiswahili huona kosa upesi akisoma `akiba = akiba + zamu`.

Dadu yenyewe ni `random.randint(1, 6)`, ambayo inahesabu 1 na 6 pia. Ukitumia `random.randrange(6)` utapata 0 hadi 5. Mstari huo ukae ndani ya kitanzi cha `while`, yaani sehemu ya programu inayorudiwa. Ukiuweka juu yake, dadu inatupwa mara moja tu na mchezaji ataona 4, 4, 4 bila kikomo. Tena, faili lako usiliite `random.py`. Python italichukua hilo badala ya maktaba yake, halafu itadai hakuna `randint`. Mwanafunzi anaweza kupoteza jioni nzima akikagua msimbo usio na dosari.

Kupokea jibu kunahitaji uangalifu zaidi. Mtu ataandika "T", au "t" na nafasi mbele yake, kwa hiyo safisha kwanza: `jibu = input("Tupa (t) au simama (s)? ").strip().lower()`. Kisha jihadhari na `if jibu == "t" or "s":`. Ukiusoma kwa sauti unaonekana sawa, lakini sharti hilo ni kweli daima, kwa sababu Python huhesabu maandishi yoyote yasiyo matupu kuwa kweli. Andika `if jibu in ("t", "s"):`.

Kabla ya kumpa mtu mchezo, ipime dadu. Itupe mara 60,000 ndani ya kitanzi na uhesabu kila uso. Kila mmoja unapaswa kukaribia 10,000, na tofauti ya 100 au 200 ni ya kawaida. Uso mmoja ukiwa na sifuri, ujue mipaka umeiandika vibaya. Kipimo hiki kinafaa hasa kwa michezo ya dadu mbili, ambako utaona watu wakiandika `randint(2, 12)`. Hiyo inaipa 2 nafasi sawa na 7, ilhali kwa dadu halisi 7 ina njia 6 kati ya 36 na 2 ina moja tu. Tupa mara mbili, ujumlishe.

Baada ya hapo, mpe kompyuta kiti cha mpinzani. Isimame lini? Tuseme zamu ina pointi z. Mtupo mmoja zaidi unaleta 2, 3, 4, 5 au 6, yaani kwa wastani 20/6, na hatari ya kupoteza ni z/6. Viwili hivyo vinalingana z ikifika 20. Basi kompyuta itupe maadamu `zamu < 20 and akiba + zamu < 100`. Sehemu ya pili ya sharti usiiache, la sivyo kompyuta yenye 90 itafikisha 12 za zamu, zinazotosha kushinda, na bado itaendelea kutupa hadi zamu ifike 20 au 1 itoke.