Chuo cha mtandaoni? Uliza nani kakipa ithibati

Kuna mwandishi kasema shahada zote za mtandaoni ni makaratasi tu; amechanganya mchele na chuya. Chuo Kikuu Huria kinafundisha watu wakiwa makwao tangu miaka ya 1990, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inakitambua kama inavyoitambua Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matapeli ni habari nyingine. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika Axact, kampuni ya Karachi, Pakistani, iliyouza shahada za vyuo visivyokuwepo popote ila kwenye tovuti. Hata mashirika ya kuvipa ithibati, yaani kuthibitisha ubora wake, waliyabuni wenyewe! Kwa hiyo kuona neno "ithibati" hakutoshi. Kama ni chuo cha Marekani, kitafute kwenye orodha ya CHEA, baraza la ithibati ya elimu ya juu la huko, au ya Wizara ya Elimu ya kwao, ni bure.

Binamu yangu hakutafuta. Aliambiwa uzoefu wake wa kazi unatosha, akalipa, shahada ikaja kwa huduma ya vifurushi ndani ya wiki mbili, muhuri wa dhahabu unang'aa. Insha hata moja hakuandika. Akaitundika sebuleni. Alipoomba itambuliwe ili apandishwe daraja, ikagonga mwamba. Fremu bado ipo ukutani, siku hizi ina picha ya mwanawe akimaliza chekechea.