Sijampiga Risasi Baba Mkwe

Kwanza kabisa: baba mkwe yuko hai, yuko kwake Magu, anakula, na jana kanipigia simu kwa mkono wake mwenyewe. Nalazimika kuyasema haya kwa sababu Ngosha keshapita vijiwe vyote vya Mwanza kuanzia Buzuruga mpaka Mwaloni akitangaza kwamba nimemtandika mzee wa watu risasi ya tembo, mchana kweupe, mbele ya wajomba. Mama yangu yuko Ukerewe, kapigiwa simu ya pole. Leo asubuhi konda ambaye hajawahi kunirudishia mia mbili yangu kanirudishia chenji yote bila kudaiwa, akasogea pembeni nishuke.

Yaliyomfika mzee ni maji. Maji yenyewe hayajazi kijiko cha kulia wali. Tulieni niwaeleze.

Nimemposa binti yake; habari ya barua ya posa na ile hesabu ya ng'ombe wa mahari sirudii. Msilolijua ni kwamba baba mkwe enzi zake alikuwa mfuata nyayo kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii huko Maswa, kusini ya Serengeti. Wageni wakishapiga na kupiga picha, yeye aliinama kwenye nyasi akaokota maganda ya risasi. Sasa ana ndoo ya rangi imejaa hadi mdomoni, ukiinyanyua peke yako kiuno kinakukumbusha umri. Kuna mgeni alimwambia kwamba kwao Marekani ganda halitupwi: unatoa fataki (kile kidude kinachogongwa kikawasha baruti) iliyokwisha kazi kule kitakoni, unaweka mpya, unatia baruti, unapachika kichwa cha risasi, linapiga tena. Tangu siku hiyo ile ndoo kwa mzee ni akiba ya uzeeni. Kwa mama mkwe ni skrepa inayomzuia kufagia, na kijana wa mkokoteni hupita pale kila wiki akiitazama kwa uchu.

Basi akatokea mkwe mtarajiwa, fundi wa kukereza vyuma, Nyakato. Wote wawili wakanigeukia kwa pamoja. Mwanangu, wewe ndiye mwenye taaluma: yatunzwe au yauzwe?

Ningewataka mnitajie mwanaume mmoja, mmoja tu, mwenye posa mkononi, ambaye angejibu "sijui."

Nikaenda kusoma. Bando zima liliishia kwenye video za wazee wa Marekani wenye ndevu wakiongea na maganda. Lakini nilijifunza, na hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo wale wa "fundi wa YouTube" subirini zamu yenu.

Kuna maganda ya namna mbili. La kwanza ukichungulia ndani unaona tundu moja katikati ya kitako. Hilo ni rahisi, unapitisha pini juu, unaisukuma fataki, inatoka. La pili lina matundu mawili madogo pembeni, na katikati kuna kinundu, fuawe ndogo ambayo fataki hugongewa juu yake. Pini ukiishusha inakutana na fuawe, inavunjika pini. La tundu moja ni mtindo wa Boxer, ofisa wa Kiingereza. La matundu mawili ni mtindo wa Berdan, Mmarekani. Lakini siku hizi Wamarekani wanatumia wa Mwingereza, na Ulaya kwa miaka mingi, majeshi hasa, wameutumia wa Mmarekani. Nilipomweleza mzee akafikiri kidogo akasema, "Walipeana ng'ombe wakasahau kurudishiana." Nikaona hapa nimepata baba.

Nikaja na sumaku nikachambua ndoo. Yaliyonasa ni ya chuma yaliyopakwa rangi, hata kijana wa mkokoteni angeyachukua kwa bei ya mabati. Yaliyobaki ni brasi halisi, ile ya shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Yakaanguka makundi matatu, kwa namba za bunduki zake: .303 za zamani, .375 nyingi maana ndiyo bunduki ya wageni, na chini kabisa ya ndoo maganda manene ya .404 Jeffery, bunduki ya Kiingereza ya miaka ya mwanzo ya 1900 ambayo idara za wanyamapori huku kwetu ziliipenda kwa tembo na nyati. Haya ya mwisho ni adimu. Mzee akiyashika hashiki kwa vidole, anashika kwa kiganja.

Tatizo, mengi ya zamani yana matundu mawili. Na fataki za zamani za Kiingereza, nyingi zilikuwa na zebaki. Watu wa Geita hamhitaji kufundishwa zebaki inavyopenda madini: fataki ikilipuka, zebaki inaingia kwenye brasi, ganda linabaki linang'aa huku limeoza ndani. Ukilijaza tena linaweza kupasuka. Hukumu yangu ilikuwa tayari na ilikuwa fupi: Baba, uza, bakiza machache ya ukumbusho.

Ningeitamka, nisingekuwa hapa. Ila katika zile video kuna njia moja ya kutoa fataki ya Berdan bila pini. Unajaza ganda maji, unaingiza juu kipande cha chuma kinachobana mdomo sawasawa, unapiga nyundo. Maji hayakubali kubanwa, yanapita kwenye yale matundu mawili, yanaisukuma fataki nje. Mimi ni fundi. Nikakereza kipande cha chuma milimita 9.5, kikaingia kwenye ganda la .375 kikakaa kwa adabu. Siku mzee alipokuja mjini na wajomba wawili kuiona karakana, ndoo kaifunika kwa gunia la mchele ndani ya Hiace (msianze, nitafika kwa polisi), nikaamua kuwaonyesha.

La kwanza lilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Paa! Fataki ikadondoka kwenye kopo, "ti." Mjomba mkubwa akapiga makofi. Mzee akacheka mpaka ugoro ukampalia. Yule bibie niliyemposa, ambaye sijawahi kumwona akinitazama namna ile tangu tufahamiane, akaniongezea chai.

Sasa punguzeni mwendo tutembee pamoja.

Mzee anaingiza mkono kwenye ndoo. Anatoa .404. Analifuta kwenye suruali ya kaunda suti yake, ya rangi ya maziwa, iliyoshonwa kwa ajili ya safari hii. "Piga na hili, fundi." Shemeji mdogo anajaza maji kwa kijiko, ulimi kautoa nje kwa umakini. Nalisimamisha ganda kwenye ubao wa mninga. Nachukua kile kile chuma. Mzee anasukuma miwani juu ya paji la uso, maana vitu vya karibu anaviona bila miwani, anavuta stuli ya miguu mitatu, anainama mpaka pumzi yake inanipiga mkononi. Mjomba mdogo anasema, "Shemeji, rudi nyuma kidogo." Mzee anajibu bila kugeuka, na maneno haya nayasikia hadi nikilala: "Mimi nimefuata nyati kwenye majani marefu. Leo nikimbie maji?"

Nanyanyua nyundo. Nyundo iko juu. Na ikiwa juu, macho yangu, macho yanayonilipia kodi ya nyumba kwa kuona nusu ya milimita, yanaona mwanga. Pete nyembamba ya mwanga kuzunguka kile chuma. Risasi ya .404 ina kipenyo cha milimita 10.7. Chuma changu 9.5. Nimeshawahi kumfokea kijana wa karakana mbele ya wateja kwa pengo dogo kuliko hilo.

Nyundo haina breki.

PAA! Chini ya paa la bati ule mlio ulijizidisha. Maji yakatazama chini, yakaona kuna matundu mawili yamezibwa na fataki ya zamani, yakatazama juu, yakaona mlango mzima uko wazi. Yakaja juu. Na hayakuja meupe: yalikusanya masizi yote ya baruti yaliyolala mle ndani tangu enzi za kambi. Yakapanda kwenye kidevu cha mzee, yakapita mdomo uliokuwa wazi, pua, jicho la kulia, yakaishia kwenye miwani iliyokuwa salama pajini. Yaliyobaki yakateremka kifuani, yakachora doa jeusi juu ya mfuko wa kaunda suti, upande wa moyo.

Mzee hakupiga kelele. Alifumba macho. Akavuta mwili nyuma, polepole, kwa heshima zake zote, na stuli ya miguu mitatu ikabaki na miwili. Akaondoka. Niliona soli za viatu vyake, zilikuwa mpya. Akalala chali juu ya magunia ya vyuma chakavu, mikono imetanuka, doa jeusi kifuani, maganda ya risasi yamemzunguka, na mimi nimesimama juu yake na nyundo.

Mama muuza maandazi alikuwa anapita. Alipiga "Kamuuaaa!" moja ambayo nadhani Bismarck Rock kule ziwani ilisikia. Na mlangoni, akiwa kaja kudai pesa yake ya kulehemu geti, Ngosha. Alikuta zile sekunde tatu za mwisho, na ndizo anazozunguka nazo mjini.

Yaliyofuata ni haraka. Mzee kainuka mwenyewe, kaoshwa kwa sabuni ya mche. Mwenyekiti wa mtaa kafika, polisi wamefika, ndoo imekwenda kituoni na sisi nyuma yake. Mzee kaeleza habari za kambi, nimeulizwa kama naifahamu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nimejibu kwa sauti ndogo sana, askari mmoja kaomba kuoneshwa ile ya maji nikakataa. Maganda yakahesabiwa, yote matupu, tukaonywa, tukaondoka usiku. Wajomba wakakaa kikao ndani ya Hiace, nikatozwa mbuzi wa faini. Kaunda suti nalipa mimi. Bibie bado anacheka, anasimama, anacheka tena, kwa hiyo nadhani tuko salama.

Ila kituoni ndipo hoja ya ndoo ilipoisha, na si mimi niliyeimaliza. Afande alimuuliza mzee swali moja: hata ukizitoa hizo fataki, mpya utanunua wapi? Baruti je? Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Mimi bando lote lile sikujiuliza. Kule kwa wazee wenye ndevu watu wananunua fataki na baruti dukani, ndiyo maana wanabishana ganda gani linastahili kusumbukiwa na lipi halistahili. Kwetu hakuna duka hilo, si Mlango Mmoja, si Makoroboi. Ganda rahisi na ganda gumu vyote vinaishia kwenye mizani ya skrepa.

Kwa hiyo ya chuma yametupwa. Za .303 na .375 kijana wa mkokoteni kazibeba kwa kilo, mama mkwe kafagia ile kona na inasemekana aliimba. Ila .404 zimebaki zote. Jana kwenye ile simu mzee hakugusia faini wala suti. Kaniambia nije Jumamosi na chuma cha milimita 10.7, nikipime mara mbili, na nyundo atashika yeye. Mimi nitakaa kwenye stuli.