Magnetroni ilizaliwa Birmingham, fundi wake yuko Nairobi

Nimekaa Birmingham muda wa kutosha kujua pa kupeleka gari likigoma na pa kupeleka kiatu kikiachama. Pa kupeleka maikrowevu sijapajua mpaka leo. Nimewauliza majirani, nimewauliza Wakenya wenzangu tunaokutana kanisani, nimewauliza na wenye duka walioniuzia. Wote wana jibu moja: tupa, nunua nyingine.

Mimi nililelewa Buruburu, mtaa wa Nairobi, na jibu hilo halinikai moyoni. Kwetu kifaa kikizima watu huulizana ni fundi gani anayekijua. Yuko wa kwenye kibanda karibu na steji. Yuko aliyejibanza ghorofani Luthuli Avenue, katikati ya maduka ya spika na televisheni. Yuko wa Kariobangi Light Industries, ambaye nyuma yake pamepangwa mashine kuukuu za kutolewa spea. Baada ya kuishi pande zote mbili nasema bila kusita: ujuzi wa hawa watu ni mali ambayo nchi tajiri zimeiacha ipotee na sasa zinahangaika kuirudisha kwa sheria. Nasi tulio nayo tunaihesabu kuwa kazi ya mtu aliyekosa kazi. Hilo linaniuma.

Niwatendee haki Waingereza kwanza, maana hesabu yao ina msingi. Maikrowevu mpya ya kawaida unaipata supamaketi kwa chini ya paundi 60. Mshahara wa chini kisheria, kuanzia Aprili 2025, ulikuwa paundi 12.21 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea, na fundi mwenye ujuzi hawezi kufanya kazi kwa kiasi hicho. Ongeza gari lake, bima, na muda anaopoteza barabarani. Kabla hajalegeza skrubu hata moja, gharama ya kuja kwake tu imeshaikaribia bei ya mashine mpya. Nani atamwita?

Sheria nayo imejaribu. Tangu Julai 2021 kuna kanuni zinazowalazimu watengenezaji kuweka spea za mashine za kufulia, mashine za kuoshea vyombo, friji na televisheni kwa miaka kadhaa, nyingine hadi 10. Maikrowevu haimo kwenye orodha hiyo. Sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inamlinda aliyeuziwa kitu kibovu, na hapo nawavulia kofia. Natamani mama yangu angekuwa na ulinzi wenye meno kama huo anaponunua kitu mjini Nairobi. Lakini duka likibanwa na sheria hiyo, kwa mashine ya bei hii, hukupa nyingine. Ile ya zamani hakuna anayeifungua kujua ilikuwa na nini.

Kuna pia vikundi vya kujitolea vya kutengeneza vitu, wazo lililoanzishwa na Martine Postma mjini Amsterdam mwaka 2009 na likaenea nchi nyingi. Nilikitembelea cha karibu na kwangu na nikakipenda: wastaafu wanashona mikoba, wanafungua pasi na toasta, wanakufundisha huku wakikumiminia chai. Maikrowevu hawaipokei, kwa sababu ya umeme mkali uliomo ndani. Siwalaumu. Hatari hiyo ni ya kweli, na nitaifikia.

Basi zinaenda kwenye kituo cha taka cha halmashauri. Ukifika pale utaona maikrowevu zimerundikwa, nyingine zinang'aa bado. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kinachonisumbua mimi ni kwamba nyingi za zile mashine zimezimwa na kitu kidogo sana.

Chukua maika. Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani, maikrowevu ya mama ilianza kurusha cheche na kunuka moshi. Dada yangu alikuwa ameshaanza kuangalia bei za mpya. Fundi wa mtaa akaifungua mlango, akamulika kwa tochi ya simu, akasema, "Mathe, mashine yako iko sawa. Shida ni hii karatasi." Karatasi yenyewe ndiyo maika, kile kipande chembamba cha rangi ya kahawia kilichobandikwa kwenye ukuta wa ndani kufunika tundu linalopitisha mawimbi. Mchuzi na mafuta yakirukia hapo na yasipofutwa, huungua yakageuka makaa, na makaa hupitisha umeme. Hapo ndipo cheche zinapoanzia. Ukiendelea kupasha hivyo hivyo, cheche hutoboa rangi ya ukuta na mwishowe zinaweza kuua magnetroni yenyewe, kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula. Alikata kipande kipya kwa mkasi kutoka kwenye karatasi kubwa, akakifuatisha kile cha zamani, akasugua ukuta mpaka ukatakata. Mama alilipa pesa ambayo Birmingham haikununulii hata plagi na waya wake.

Halafu kuna mota ndogo ya kuzungusha sahani, na kile kiringi chenye magurudumu kilicho chini yake. Hivyo huchakaa, hubadilishwa, kazi imeisha.

Swichi za mlango ndizo zinazohitaji akili. Kwa kawaida ni tatu, zimefichwa nyuma ya ndoano za mlango. Mbili hukata umeme mlango ukifunguliwa. Ya tatu ni mlinzi wa hizo mbili: swichi kuu ikinata, hiyo ya tatu hugonganisha umeme makusudi ili fyuzi iungue na mashine izime kabisa, kuliko ikupikie mikono mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo fyuzi inayoungua kila unapofungua mlango inakuambia swichi imechoka. Fundi mzuri hubadilisha swichi na fyuzi pamoja.

Ikiwa taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma na chakula kinabaki baridi, tatizo mara nyingi liko upande wa umeme mkali: transfoma, kapasita inayohifadhi umeme, dayodi inayoupitisha upande mmoja tu, au magnetroni. Transfoma huupandisha umeme wetu wa volti 240 hadi volti 2,000 na zaidi, kisha kapasita na dayodi huukuza tena kufikia kama volti 4,000 za kuiendesha magnetroni. Hapa ndipo unapomtambua aliyesomea kazi kwa mikono yake. Dayodi ile huwezi kuipima kwa multimita, kile kipima umeme cha mkononi, peke yake, maana volti za multimita hazitoshi kuifungua. Mafundi wengi huiunganisha pamoja na betri ya volti 9 ndipo wasome. Magnetroni nayo hupimwa: kati ya ncha zake mbili ukinzani uwe chini ya omu moja, na kati ya ncha na mwili wake kusiwe na njia kabisa. Mambo haya nimeelezwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda, akiwa na cheti cha darasa la nane, na maelezo yake yalikuwa sahihi neno kwa neno.

Niongeze kitu kuhusu stima ya Nairobi, kwa sababu walio huku husahau. Inapokatika na kurudi ghafla, vifaa hupigwa. Watu wengi hununua kifaa cha kukinga friji na televisheni, maikrowevu wakaichomeka moja kwa moja ukutani. Nayo inahitaji kinga, na kinga yenyewe iwe ya kuhimili mzigo: maikrowevu ya kawaida hula wati 1,000 hadi 1,500.

Sasa fikiria hili. Magnetroni ya kisasa, moyo wa kila maikrowevu, ilitengenezwa hapa hapa ninapoishi. John Randall na Harry Boot waliiwasha kwa mara ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Birmingham mnamo Februari 1940, kwa ajili ya rada za vita. Mwaka huo huo Waingereza waliipeleka Marekani, na ni kule, kwenye kampuni ya Raytheon mwaka 1945, Percy Spencer alipogundua kwamba mawimbi yake yanapasha chakula. Mji uliowapa walimwengu kifaa hiki sijapata ndani yake mtu wa kunibadilishia. Na soketi za huku ni zile zile za kwetu, pini tatu za mstatili, umeme wa karibu volti ile ile na hezi 50. Ndiyo maana maikrowevu zilizotumika Uingereza hufika Nairobi, zikauzwa, na zikifa hufufuliwa na kijana ambaye Chuo Kikuu cha Birmingham hajakisikia.

Lakini siwezi kumsifu fundi wetu nikafumbia macho kinachoweza kumuua yeye na sisi. Kapasita ya maikrowevu hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Nyingi zina kizuizi cha ndani cha kuumwaga umeme huo polepole, ila kizuizi kinaweza kufa bila dalili yoyote. Atakayegusa ncha zake kabla ya kuumwaga anaweza kufa papo hapo. Mafundi wanaojiheshimu huumwaga kwanza kwa kifaa chenye mpini wa plastiki, kila mara, hata kama wana haraka. Wewe mwenye nyumba, usijifungulie. Video za mtandaoni zisikudanganye. Futa maika, badilisha kiringi, safisha mlango; kifuniko cha nje kinapotoka, hiyo ni kazi ya fundi.

Na kuna fundi ambaye fyuzi ikiungua huzungushia waya. Kuna anayefunga swichi za mlango kwa gundi au kuziunganisha moja kwa moja ili "iende tu". Mashine itaenda, ndiyo. Itaenda na mlango wazi, na mtoto akiwa amesimama mbele yake. Huyo si fundi, na tusimtetee kwa kuwa ni wa kwetu. Kiwango kinachotumika Marekani ni kwamba mionzi inayovuja isizidi miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye mashine. Mashine iliyotoka kufunguliwa, hasa iliyoguswa mlango, inapaswa kupimwa kwa kipimo chake. Kuweka simu ndani na kuipigia, kama watu wanavyopenda kufanya, hakuthibitishi lolote.

Cha kumdai fundi ni hiki. Akuonyeshe kilichokufa, mkononi. Akuambie amekibadilisha na kipya au amekitoa kwenye mashine nyingine. Kisha ajaribu mbele yako. Lita moja ya maji, dakika moja kwa nguvu zote: kila nyuzi moja ya Selsiasi maji yanayopanda ni kama wati 70, kwa hiyo yakipanda nyuzi 10 mashine inatoa kama wati 700. Kipimajoto cha jikoni kinatosha.

Naye mlipe. Hili nalisema kwa wenzangu wa ughaibuni zaidi ya wote, sisi tunaofika Desemba na kusimulia jinsi kila kitu Nairobi kilivyo rahisi. Urahisi huo unatoka mfukoni mwa mtu. Hana bima, hana pensheni, kaunti inaweza kumvunjia kibanda wakati wowote, na akipigwa na umeme familia yake ndiyo itakayochangisha. Tunamlipa saa nzima ya ujuzi kwa pesa tusiyoweza kumpa mtu wa kutufungia mlango huku tunakoishi. Sitaki Nairobi ifikie hesabu ya Birmingham, ambako ujuzi umekuwa ghali kuliko kitu chenyewe. Katikati ya hizo mbili pana nafasi kubwa, na tunaweza kuanza kuijaza kwa kuacha kubishania mia mbili.

Serikali nayo ina njia tayari. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, na Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani. Ningependa kumwona fundi wa vifaa vya jikoni akipimwa juu ya mambo mawili tu kabla ya yote: kuumwaga umeme wa kapasita, na kurudisha swichi za mlango jinsi zilivyotoka kiwandani. Akishinda, abandike cheti kibandani watu wakione.

Nami nina ombi kwa mnaosafiri Desemba hii. Mnapojaza mabegi manukato na viatu, mwulizeni fundi wa mtaa wenu anahitaji nini. Wa kwetu aliniambia anataka kipimo cha mionzi ya maikrowevu, maana cha rafiki yake hukiazima mpaka ng'ambo ya mji. Nunueni kinachopima megahezi 2,450 na kinachosoma kwa miliwati kwa sentimita ya mraba. Vya bei rahisi kupita kiasi husoma chochote kilicho karibu, hata waya wa ukutani, na fundi akikiamini atawahakikishia watu usalama ambao haupo.