Virusi vya kuku na saratani ya matiti

Mfugaji wa Vihiga au Kisumu hahitaji kuelezwa kideri. Anafungua banda asubuhi, anakuta kuku kapinda shingo, kinyesi cha kijani kimetapakaa, na wiki haijaisha amebaki na wawili watatu. Mwambie sasa kuwa watafiti wanataka kumdunga mama mwenye saratani ya matiti virusi hivyohivyo vya kideri. Atashtuka, na simlaumu.

Ila aliyekwisha kuchanja kuku anajua: tone la chanjo, yenye virusi hivyo vilivyo dhaifu, likimrukia jichoni, jicho huwa jekundu siku chache, basi. Seli yenye afya ikivamiwa hutoa interferoni, kengele ya kuamsha kinga, na virusi hukwama. Seli nyingi za saratani zimeipoteza kengele hiyo. Kwao virusi huzaana mpaka seli ipasuke, na mabaki yake huionyesha kinga adui aliyekuwa amejificha ndani ya mwili.

Wenye shaka husema ushahidi ni mchanga, na ni kweli: kwa matiti, kazi kubwa ya kideri bado iko maabara na kwa panya. Virusi vingine, reovirusi, vilijaribiwa Kanada kwa wanawake 74 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa. Waliopewa paklitakseli, dawa ya saratani, peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 10.4, walioongezewa virusi, miezi 17.4. Uvimbe wenyewe haukuchelewa kukua, na jaribio lilikuwa dogo. Hata hivyo miezi saba siwezi kuipita haraka. Mama anayelea watoto anajua miezi saba ni nini. Mwaka 2020 saratani hii ilikadiriwa kuua Wakenya 3,107.

Hofu ninayoiona ya haki ni ya kuku wenyewe. Mgonjwa aliyedungwa anaweza kutoa virusi kwenye mkojo na makohozi, kisha arudi nyumbani ambako kuku hutaga nyuma ya mlango wa jikoni. Aina kali zinaua uvimbe vizuri zaidi, lakini ndizo zinazomaliza banda. Marekani inazidhibiti kwa sheria kali. Aina dhaifu, kama za chanjo, ni salama kwa kuku ila zina makali kidogo dhidi ya uvimbe, ndiyo maana watafiti wanazibadilisha jeni.

Hapo ndipo sisi tuna la kusema. Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kinafundisha madaktari wa mifugo na wa binadamu pia. Wakae meza moja kabla mgonjwa wa kwanza hajadungwa sindano.