Natembea Kiuchumi

Siku moja nimesimama sheli, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake, "Weka dizeli ya hamsini." Dada wa pampu akaweka. Nikawasha gari nikaangalia mshale, mshale ukatikisika kidogo kama mtu aliyeamshwa akaona bado usiku, akageukia ukutani. Nikagonga dashibodi kwa kidole. Wapi! Nikamuuliza dada, umeweka kweli? Hata hakunijibu, kaninyooshea kidole kwenye pampu, namba zimekaa pale 50,000 na lita ni zile za kusoma huku umeangalia pembeni. Nyuma yangu jamaa wa kigari cha IST anapiga honi, yeye ataweka ya elfu kumi na wiki nzima anazunguka mjini anachekacheka.

Mimi Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ya kutangazwa bei mpya za mafuta, siku hizi naiogopa kuliko tarehe ya ada. Lita ya dizeli ilipovuka elfu tatu 2022 tulisema hii ni ya muda, tuvumilie. Nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umeniomba likizo.

Gari yenyewe mnaijua. Hilux, injini ile inayoitwa 5L, haina turbo haina kompyuta, kebini moja, watu watatu mbele kama wanapendana. Kazi yake nyanya za Ilula. Ilipokuwa mpya (mpya kwangu, Mjapani alikuwa ameshaichoka) ilinipa kilomita 10 kwa lita ikiwa tupu, 8 na mzigo. Ikashuka mpaka 6. Sita! Na hapo sijabeba nyanya, nimebeba mawazo tu.

Nikaanza kutafuta dawa, na ukitafuta dawa ya gari kila mtu ni daktari. Jirani yangu anasema niendeshe mlango wa bodi umefunguliwa ili upepo upite, nimeufungua mwezi mzima nikadondosha matenga mawili ya nyanya na mafuta yameliwa vilevile, kumbe mlango ukifungwa upepo unateleza vizuri zaidi juu ya bodi. Jamaa mwingine aliniuzia sumaku mbili za kufunga kwenye bomba la dizeli, eti zinapanga chembechembe. Sasa hivi zimeshika ripoti ya shule ya mtoto kwenye friji, na hata hiyo ripoti hazijaipanga.

Mwisho nikampelekea fundi mmoja kijana, mpole, ana geji ya upepo ya kwake mwenyewe, kitu ambacho kwenye gereji bubu zetu sijawahi kukiona, tumezoea tairi kupimwa kwa teke. Akawasha gari akaiacha ingurume robo saa, anaangalia mshale wa joto tu. Mshale uko chini kabisa, umelala.

"Bosi, themostati iko wapi?"

"Ilitolewa."

"Kwa nini?"

"Ili gari isichemshe."

"Ilikuwa inachemsha?"

Nikafikiri kidogo. "Hapana."

Akaniangalia kwa huruma. Yaani miaka mitatu iliyopita fundi wangu wa zamani aliitoa, nikamlipa, nikamshukuru na soda juu, na nimekuwa nikijisifu vijiweni kwamba gari yangu haichemshi hata mchana wa jua kali. Haichemshi vipi na haijawahi kupata moto! Kijana ananieleza injini inataka maji yafike digrii themanini na kitu ndiyo dizeli iungue vizuri na oili iwe nyepesi, sasa bila themostati ya kuyazuia mpaka yapate moto, maji yanazunguka muda wote kwenye rejeta yanapoa. Na baridi ya Iringa ya mwezi wa saba mnaijua. Nimeendesha jokofu miaka mitatu.

Hapo ndiyo mwanzo. Akafungua ea klina, akaigonga kwenye tairi, kikatoka kitu kama sembe, halafu likaanguka tandiko la panya, limetengenezwa kwa daftari la hesabu la mwanangu ambalo nilimchapa kwa kulipoteza. (Nimemnunulia chipsi, tumeyamaliza kiume.) Ndiyo maana ule moshi mweusi, injini haipati hewa, dizeli inatoka mbichi kwenye ekzosi, mimi nadhani ni nguvu. Akapiga jeki, akazungusha matairi kwa mkono, la nyuma kushoto likagoma, breki inashika. Ina maana tangu lini sijui nimekuwa natembea huku nimefunga breki, naiburuza gari kama mbuzi wa mnadani. Upepo, tairi moja 22 lingine 31, kibandiko cha upepo unaotakiwa kiko hapohapo mlangoni miaka yote na sijawahi kukisoma, nilidhani ni mambo ya Wajapani wenyewe kwa wenyewe. Na kwenye bodi mifuko miwili ya mchanga niliyoiweka masika ya mwaka juzi gari isiteleze kwenye tope, nimeitembeza bure ile mifuko, imeshafika Makambako mara nyingi kuliko ndugu zangu.

Akarekebisha vyote, themostati ikarudi. Akaniambia sasa bosi iliyobaki ni mguu wako, panda gia mapema, usivuke 80, ukitoka 80 kwenda 100 hela yote inaliwa na upepo. Nikasema sawa. Mimi nitakwenda 70. Nikiamua jambo huwa sifanyi nusu.

Jumamosi kukawa na msiba Mafinga, upande wa mke wangu. Nikaona ndiyo hapahapa pa kupima ulaji wa mafuta: lami tupu, karibu kilomita 80 kwenda na 80 kurudi. Nikajaza tenki mpaka pampu ikakata yenyewe, nikarudisha zile namba ndogo za safari kwenye sifuri, nikapita Kihesa kumchukua mama mkwe. Mke wangu alishatangulia. Mpango ulikuwa mimi, mama, na shemeji yangu wa miaka kumi na saba. Gari nyepesi, kipimo safi.

Sasa kwa wale ambao hawajaoa niwaambie, mimi na mama mkwe tunaheshimiana kizamani, hatutazamani usoni na maneno yanapitia kwa mtu wa katikati. Ukumbini inawezekana. Kwenye kebini ya Hilux mtu wa katikati ni shemeji, gia iko kati ya magoti yake, na mama yuko hapo mkono ukinyooshwa unamfikia. Tumefika Ipogolo, tumeshika barabara kuu, nimekaa kwenye 70 yangu, mshale wa joto umesimama katikati kama askari wa gwaride, roho imetulia.

Kimya. Likapita basi. Likapita Fuso la mbao. Ikapita noa.

"Mwulize mkwe wangu," mama akaanza, anaangalia mbele, "gari inaumwa?"

Shemeji akanigeukia, kana kwamba mimi niko Dodoma. "Shem, mama anauliza gari inaumwa?"

"Mwambie mama gari nzima kabisa, natembea kiuchumi."

"Mama, anasema hana hela."

Jamani! Nikataka kusahihisha lakini kusahihisha ni kuongea na mama moja kwa moja, na pale pale likaja lori la mizigo la Tunduma linanipumulia shingoni kwa honi, nikashika usukani kwa mikono miwili. Mama akaguna ule mguno wa kina mama wenye maelezo ndani yake.

Tanangozi, mama akasema tusimame, kuna wenzake wachache. Wachache! Kikundi cha kina mama saba, vitenge sare, masufuria mawili yale ya kupikia wali wa sherehe, gunia la mahindi, na viti vya plastiki arobaini vimepangwa vikawa virefu kuliko kebini. Mimi niliyeshusha mifuko miwili ya mchanga! Na vile viti vinasimama kama ukuta, upepo wote wa Iringa unakuja kujipumzisha pale. Ningesema nini? Nikasema karibuni.

Tukaondoka. Kwenye mteremko mmoja shemeji akanishauri, "Shem, piga free, utaokoa mafuta." Hapa nikapata nafasi ya kurudisha heshima yangu, nikamweleza kwa sauti ya kumfikia mama kwamba ukiachia gia injini inabidi ipewe dizeli isizimike, ila ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa, pampu inakata yenyewe, magurudumu ndiyo yanazungusha injini, unashuka bure, na breki zinabaki nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga free kwenye mteremko wa Kitonga, mpaka siku niliponusa breki zinanuka kama chapati iliyosahaulika, niliposimama miguu ilikuwa inacheza yenyewe.

Shemeji akamgeukia mama. "Anasema breki mbovu."

Mama akatoa rozari.

Karibu na Ifunda tukapitwa na lori la waombolezaji, wamesimama nyuma wanaimba, na lile tuliliacha limeegeshwa Ipogolo linabadilisha tairi. Likapita polepole, halikuwa hata na haraka, watu wakatupungia mikono, mama akapunga kwa huzuni. Halafu ikapita bodaboda, abiria wawili na katikati yao wameshika fremu ya dirisha la aluminiamu. Hapo hata mimi nilihisi kitu. Mguu ukaanza kushuka wenyewe, nikaukanya.

Mbele kidogo afande mwenye tochi ya kupimia mwendo akanisimamisha. Moyo unadunda, kibao cha 50 nimekiona, nilipita na 48. Akazunguka gari yote, akaangalia vile viti, akarudi dirishani. "Mzee, una tatizo gani?" Nikasema sina, afande. Akasema, "Nimekuona unakuja muda mrefu sana." Akaniruhusu kwa kunipa pole.

Ndipo simu ya mama ikalia. Na kina mama wa zamani wanaongea na simu kama wanamwita mtu ng'ambo ya mto. "Ndiyo, tuko njiani! ... Na gari ya mkwe! ... Hapana, haijaharibika, inatembea! ... Ehee, inatembea hivyohivyo! ... Sasa sikilizeni, mkiona jua linashuka mzikeni tu, msitusubiri, sisi tutaweka maua kesho!"

Saa tano asubuhi hiyo. Mazishi saa tisa!

Nikakubali kushindwa, nikaenda 80. Tumefika saa tano na nusu, wali bado haujabandikwa maana masufuria ninayo mimi. Hakuna aliyenishukuru kwa hilo.

Kurudi nilirudi na kina mama walewale na viti vyao, nikaenda sheli ileile, pampu ileile, nikajaza mpaka ikakata. Lita 18. Namba za safari zinasema 152. Nikapiga hesabu kwenye kiganja, 8 na pointi, na mzigo ule! Nikaingia ndani kifua mbele nikatangaza. Mwanangu wa darasa la sita akaniuliza, baba, Mafinga si kilomita 80? Kwenda na kurudi si 160? Akachukua futi ya mama yake ya kushonea akazungusha kwenye tairi, kumbe yale matairi ya mtumba niliyoyanunua kwa kuwa yanaonekana vizuri ni makubwa kuliko saizi ya gari, yanatembea mbali zaidi ya dashibodi inavyohesabu. Kwa hiyo ni tisa kasoro kidogo. Na ina maana ile 70 yangu haikuwa hata 70. Na pale kwa afande sijui nilipita na ngapi, tusiongelee.

Jioni mke wangu akanipa bahasha. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "Mafuta ya Mkwe". Ndani elfu 47, noti za elfu mbili mbili na sarafu. Mama aliwaambia wazee kule msibani kwamba kijana amebanwa, tumemwona kwa macho yetu, tusimwache hivi, wakapitisha sahani. Msibani! Mtu amelazwa pale, mimi ndiyo nachangiwa. Nikasema nairudisha, mke wangu akasema ukirudisha utamdharau mama, na hapo ana hoja, huwa ana hoja. Nikapiga hesabu tena kimyakimya chooni: lita 18, toa mchango, mfukoni mwangu zimetoka lita mbili na kitu, kilomita 160 gawa kwa hizo, gari yangu inakwenda kilomita kama 70 kwa lita. Hakuna Mjapani aliyewahi kufika hapo.

Fundi wa zamani amesikia nimerudisha themostati kwa mtu mwingine, hanisalimii. Shemeji naye anataka nimfundishe udereva.

Ila kuna kiti kimoja cha plastiki, chekundu, kimesahaulika nyuma kwenye bodi. Mweka hazina wa kikundi ameshapiga simu mara mbili, vinatakiwa arobaini na wanavyo thelathini na tisa, na kuna harusi Jumamosi. Kiti chenyewe kipya dukani bei yake inazidi kidogo tu dizeli ya kwenda Tanangozi na kurudi, nimepima. Nikimtumia kwa noa, kondakta anataka nauli ya mtu mzima kwa sababu eti kinakaa. Nimekikalia hapa ninapoandika. Mguu mmoja umepinda, na hilo nalo nitaulizwa mimi.