Nani Anachekwa katika "Ndio Mzee"?

Watu wanapoukumbuka wimbo wa "Ndio Mzee" wa Professor Jay, msanii wa hip hop wa Tanzania, kwa kawaida husema kuwa unawakejeli wanasiasa waongo. Sikatai, ila naona maelezo hayo yanaishia njiani. Wimbo huo, uliomo katika albamu yake ya mwaka 2001, ni parodia, yaani mwigo wenye dhihaka, na kinachoigwa humo si hotuba ya mgombea peke yake bali mkutano wa hadhara mzima: mgombea anaahidi maziwa mabombani na wanafunzi kwenda kufanyia mazoezi ya sayansi mwezini, na kila ahadi umati unaipokea kwa "ndio mzee" ileile, bila hata mmoja kuuliza maziwa hayo yatakamuliwa kwa ng'ombe wa nani. Kwa maoni yangu, sumu ya wimbo imo katika kiitikio hicho, kwa kuwa tunachekwa sisi tunaoitikia.

Lakini ili sumu hiyo ifanye kazi, sharti msikilizaji awe amewahi kusimama juani akimsubiri mgombea aliyechelewa, na ajue jinsi wapambe wanavyoanzisha makofi kabla sentensi haijaisha. Asiyeyajua hayo atasikia vichekesho tu.

Mrejeleo, yaani kugusia maneno ya mtu mwingine bila kumwigiza, hauna masharti makali kiasi hicho. Albamu yenyewe inaitwa Machozi, Jasho na Damu, maneno ambayo asili yake hufuatiliwa hadi hotuba ya Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika Bunge la nchi hiyo tarehe 13 Mei 1940, aliposema hana cha kutoa ila damu, kazi ngumu, machozi na jasho. Vinywa vya watu viliiacha hiyo kazi ngumu (haishangazi), na vile vitatu vilivyobaki vikazoeleka hata kwetu. Asiyemjua Churchill hapotezi maana ya jina hilo. Anayemjua anaongezewa kitu, kwa sababu anaona kuwa yule aliwaahidi watu wake taabu, ilhali mgombea wa wimboni anaahidi maziwa.

Mwaka 2015 Professor Jay, ambaye jina lake halisi ni Joseph Haule, aligombea ubunge wa Mikumi kupitia CHADEMA na akashinda. Sidhani kama wapo wagombea wengi waliopanda jukwaani wakiwa wamekwisha kuwafundisha wapiga kura wao namna ya kuwashuku.